Tabo Ikiguswa, Gia Nazo Hubadilika: Somo kutoka Njia ya Mikumi na Kilosa



Katika toleo hili naomba ruhusa yenu niache kidogo habari za miche, makonyo na majamvi, nieleze jambo la gari. Gari ndilo lichukualo karafuu zetu kutoka shamba hata kituoni, na katika mkutano wetu ujao mtaletewa kura ya fedha: tulinunulie gari la chama sanduku jipya la gia, au tusilinunulie. Baadhi ya wajumbe wamekwisha kusema kwamba gia zimekufa. Mimi naona kuwa kabla ya mtu kunyanyua mkono wake yafaa ajue sanduku hilo lafanyaje kazi, na lina ujamaa gani na ile tabo iliyofungwa ubavuni mwa injini. Fedha zitakazotoka ni za karafuu zenu, zilizochumwa na watu waliohatarisha shingo zao juu ya miti, na bei ya sanduku la gia si bei ya pishi mbili tatu.

Tuanze na tabo. Injini ya dizeli ni mfano wa jiko la mhunzi. Mafuta ndiyo makaa, na hewa ndiyo pumzi ya mivukuto. Ukitia makaa mengi bila ya pumzi utapata moshi mweusi na moto dhaifu. Tabo ndiyo mivukuto yenyewe, lakini ina ajabu moja: haivukutwi na mkono wa mtu, bali huzungushwa na moshi wa injini ile ile. Gurudumu dogo lenye mapanga limewekwa katika njia ya moshi utokao. Moshi una moto na nguvu, hulizungusha. Na kwenye ekseli hiyo hiyo, upande wa pili, liko gurudumu jingine linalovuta hewa safi na kuisukumiza ndani ya injini. Injini yenyewe huenda mizunguko elfu tatu au nne kwa dakika, lakini magurudumu haya ya tabo yaweza kupita mizunguko 100,000. Aliyebuni jambo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905, na ilimchukua miaka ishirini, hata 1925, kuifanya ifae kweli katika injini kubwa za dizeli.

Sasa tabo ikiachwa iende itakavyo, itaishindilia injini hewa mpaka iiharibu. Kwa hivyo imewekewa kilango cha kupunguzia moshi. Kilango hicho hufungwa na springi, na hufunguliwa na kijiti cha chuma kinachosukumwa na hewa ya tabo yenyewe. Hewa ikifika kiasi kilichowekwa, ambacho katika magari ya aina yetu aghlabu huwa kati ya nusu ya bar na bar moja, kijiti husukuma, kilango hufunguka, na moshi mwengine hupita pembeni bila ya kuzungusha gurudumu. Fundi akikifupisha kijiti hicho kwa kuzungusha nati yake, springi hukaza zaidi, kilango huchelewa kufunguka, na hewa huzidi. Hiyo ndiyo "kuongeza tabo" mnayoisikia, na ni kazi ya muda mfupi kwa yeyote mwenye spana mkononi. Wepesi wake ndio ubaya wake.

Lakini katika dizeli hewa peke yake haileti nguvu nyingi. Yaletayo nguvu ni mafuta. Juu ya pampu ya dizeli ya magari mengi ya zamani yenye tabo mna utando wa mpira, na kimpira chembamba kinachopeleka hewa ya tabo juu ya utando huo. Hewa ikiongezeka utando hushuka, na pampu hupata ruhusa ya kutoa mafuta zaidi. Basi anayeongeza tabo kwa kawaida huigusa na pampu pia, na akimaliza, gari hupata nguvu kweli. Tafadhali kikumbukeni kimpira hicho chembamba, nitakitaja tena huko mbele.

Haya, na sanduku la gia. Katika gari la gia za mkono anayepima mzigo ni dereva: asikia injini inalia, ashusha gia, asikia nyepesi, apandisha. Katika gari la otomatiki hamna pedali ya klachi. Kati ya injini na gia mna chombo cha mviringo mfano wa chungu kilichojaa oili. Injini huzungusha mapanga ya upande mmoja, na oili huzungusha mapanga ya upande wa pili. Gari likiwa ndiyo kwanza linaondoka, chombo hiki huzidisha nguvu ya kuzungusha hata kukaribia mara mbili. Nyuma yake mna gia pamoja na mafungu ya sahani za klachi, na kila fungu hukamatwa kwa nguvu ya oili. Kubadili gia ni kuachilia fungu moja na kukamata jengine. Magari ya mwanzo kuuzwa kwa wingi na gia za namna hii yalikuwa Oldsmobile za Marekani za mwaka 1940, zenye sanduku la Hydra-Matic lililotolewa mwaka 1939 na kampuni ya General Motors. Na gari la abiria la Mercedes-Benz, 300SD la mwaka 1978, lililokuwa la mwanzo kuuzwa likiwa na dizeli yenye tabo, lilikuja na gia otomatiki. Kwa hivyo ndoa hii si ya jana, na wale walioifungisha waliipima kwa kiasi.

Sasa swali lililo roho ya somo hili: sanduku lajuaje wakati wa kubadilisha gia, na lajuaje likaze sahani kwa nguvu gani? Katika gari kama letu, lisilo na kompyuta, lina wajumbe wawili. Mmoja ni kifaa kinachozunguka pamoja na ekseli ya nyuma ya sanduku, nacho hueleza mwendo wa gari. Wa pili ni waya wa chuma unaotoka kwenye mkono wa pampu ya dizeli, nao hueleza mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani. Mwendo husema "panda gia", waya husema "ngoja kidogo", na atakayeshinda ndiye anayefuatwa. Ukikanyaga kidogo, gia hupanda mapema na taratibu. Ukikanyaga sana, huchelewa na hukamata kwa nguvu. Waya huo huo ndio unaopandisha nguvu ya oili inayokaza sahani.

Angalieni basi. Sanduku halipimi nguvu ya injini. Hupima mguu tu, kisha hukisia kwamba mguu wa kiasi hiki maana yake ni nguvu ya kiasi hiki. Mfano wake ni hamali bandarini aliyeambiwa na karani kwamba gunia lina kilo 50. Huinama na kulishika kama la kilo 50. Ikiwa karani kakosea na gunia lina kilo 70, hamali si mvivu wala si dhaifu, lakini gunia litamponyoka. Anayeongeza tabo na pampu bila ya kuugusa waya ni kama karani yule. Mguu ni ule ule, nguvu ni zaidi, na sahani hazijaambiwa.

Hayo ndiyo tuliyoyaona kwa macho katika safari ya bara. Wajumbe tulikwenda kuwatembelea wakulima wenzetu wa karafuu katika milima ya Uluguru, upande wa Matombo na Mkuyuni, na baadaye tukapita Mikumi na Kilosa kuulizia kamba za katani, maana Kilosa na Kimamba ni nchi ya mkonge tangu zamani. Kabla ya kuvuka bahari fundi mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, alishauri gari liongezwe nguvu kwa ajili ya milima. Likaongezwa. Kwa Matombo lilipanda kama paka, na kila mtu akafurahi.

Kutoka Morogoro mjini mpaka Mikumi ni kama kilomita 120, na kabla ya kufika mji wa Mikumi barabara kuu iendayo Iringa hukata ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kama kilomita 50. Nchi ni uwanda wa mto Mkata, tambarare, na nyati na twiga huonekana kando ya lami bila ya kulipa kiingilio. Mwendo wa mchana ni kilomita 70 kwa saa na wa usiku ni 50, na ukimgonga mnyama utalipa faini kwa kadiri ya mnyama mwenyewe. Ili watu watii, yamewekwa matuta. Watu huyalalamikia matuta yale, lakini kwa mtu anayetaka kujua hali ya gia zake sijui mahali pazuri zaidi. Kila tuta gari hushuka mpaka gia ya kwanza au ya pili, kisha hupanda tena moja baada ya moja, na njia ni nyoofu na sawa, hapana mlima wa kukuchanganya masikio.

Basi tukasikiliza. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, hapana neno. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, injini inapaa: mlio unapanda kwa ghafula kama gari limetiwa gia huru, kisha linakamatwa kwa kishindo. Huo ndio mtelezo wa sahani. Fungu la zamani limekwisha kuachilia, jipya halijapata nguvu ya kukamata, na injini yenye nguvu mpya haimngoji mtu. Jambo la pili tuliloliona lilikuwa la dereva mwenyewe. Kwa kuwa gari lilikuwa na nguvu, hakuwa na haja ya kukanyaga. Alikanyaga kidogo tu na likaenda. Lakini mguu ukiwa mwepesi waya hauvutwi, gia hupanda mapema, na oili hukaza kwa ulegevu zaidi. Kila ladha ya nguvu aliyoipata dereva ilikuwa inapunguza mkamato wa sahani. Kisha, gia ikipanda mapema mno, injini huangukia mizunguko ya chini ambamo tabo imelala. Gari likawa zito, akakanyaga, gia ikashuka, tabo ikaamka kwa ghafula, gia ikapanda, na mchezo ukaanza upya. Tulipotaka kulipita lori moja, gari lilisita katikati ya njia huku lori jengine likitujia uso kwa uso. Tulirudi nyuma ya lori tukamshukuru Mungu, na hatukujaribu tena.

Kutoka mji wa Mikumi njia ya Kilosa hukata kaskazini kupitia Ulaya. Haifiki kilomita mia, lakini ina vilima na mwendo wake ni wa polepole, na kwa gia zinazoteleza mwendo wa polepole wenye mzigo ni mbaya kuliko lami. Mtelezo ni msuguano, msuguano ni moto, na upepo wa kupoza rejeta ni mdogo. Oili ya gia hupozwa ndani ya rejeta, na rejeta yetu ilikuwa imejaa mbegu za majani ya uwanda wa Mkata. Oili ya gia otomatiki hupenda kukaa kati ya nyuzi 80 na 95. Kwa makadirio ya mafundi kila nyuzi kumi na moja zinazozidi hapo hupunguza umri wake kwa nusu. Kabla ya kuingia Kilosa tuliisikia harufu yake, kama mkate ulioungua.

Kilosa ni mji wa Reli ya Kati tangu enzi ya Wajerumani, na reli ya kisasa iliyofunguliwa mpaka Dodoma mwaka 2024 nayo yapita wilaya hiyo. Tulielekezwa kwa fundi mmoja mzee mwenye kibanda chini ya mwembe. Tulimwamkia, naye akatukaribisha, "Karibuni ndugu zangu wa Visiwani," kisha hakugusa spana yoyote kwa muda mrefu. Aliuliza maswali. Mwisho aliuliza lile la maana: "Kabla ya ugonjwa huu kuanza, nani aliligusa gari, na aligusa wapi?" Tukamweleza. Akacheka akasema, "Mmemwongezea punda mzigo, na mshika kamba hamkumwambia."

Alichomoa stiki ya oili ya gia. Oili haikuwa nyekundu tena, ilikuwa ya kahawia, lakini alipoisugua baina ya vidole hakukuta chenga nyeusi. "Sahani zimeungua ngozi, hazijafa," alisema. Kisha alimwambia kijana wake akanyage pedali mpaka chini huku injini imezimwa, akaenda kuutazama ule waya kwenye pampu. Katika magari ya Kijapani ya aina hii waya una kifundo kidogo cha chuma, na pedali ikiwa chini kabisa, nafasi baina ya kifundo na mwisho wa ala ya waya haipaswi kuzidi milimita moja. Yetu ilikuwa karibu milimita kumi. Yule aliyeigusa pampu aliulegeza waya ili afikie skrubu, asiukaze tena. Kwa hivyo hamali wetu alikuwa amedanganywa mara mbili: gunia liliongezwa uzito, na karani akasema limepungua.

Mzee alifunga geji kwenye bomba la hewa, tukapanda naye kilima kimoja nje ya mji. Sindano ilipita bar moja na robo. Alikirefusha kijiti cha tabo kidogo kidogo, akijaribu kila mara, mpaka ikasimama kwenye 0.7, akairudisha skrubu ya pampu mpaka moshi mweusi ukatoweka, na mwisho kabisa, baada ya hayo yote, akaukaza waya wa gia mpaka milimita moja. Nilimwuliza kwa nini asianze na waya, maana ndio ulio rahisi. Alisema: "Kijana wangu, waya ni ulimi. Utaufundisha kusema uzito gani, na uzito wenyewe hujaupima?" Hilo naliweka hapa kwa faida ya mafundi wetu: kwanza tabo na pampu, kisha waya. Nilimwuliza tena, kama tungeiacha tabo juu na kuukaza waya zaidi, je, isingefaa? Alijibu kwamba ingefaa kwa muda. Oili ingekaza, gia zingechelewa na kugonga kwa kishindo, lakini sahani zina mwisho wa uzito wanaouweza, na injini nayo ina mwisho wa joto inaloliweza. Mwenye kutaka nguvu zaidi sharti abadilishe na sahani, na kipoza oili kikubwa, na hapo gharama imeshapita faida.

Tulirudi kwa njia ya Rudewa na Dumila mpaka Morogoro. Injini haikupaa hata mara moja. Morogoro tulimwaga oili na kutia mpya, na juma lililofuata tukamwaga tena na kutia, kwa sababu ukifungua nati ya chini hutoka sehemu tu ya oili. Nyingine hubaki ndani ya kile chombo cha mviringo.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu ya hoja inayofuata, ambayo ndiyo itakayopigiwa kura. Wajumbe wanaosema gia zimekufa wana hoja hii: gari liliungua gia Mikumi, sasa gia zasumbua tena kati ya Wete na Chake Chake, basi ni ugonjwa ule ule umerudi. Lakini tazameni dalili. Mikumi gia zilipanda mapema, kwa ulegevu, na injini ikipaa. Sasa gia zachelewa kupanda, zagonga, na kila kilima gari lashuka gia mbili. Moshi mweusi umerudi. Dereva asema hukanyaga mpaka chini na gari haliendi. Haya si yale. Haya ni kinyume chake.

Fikirini tena kuhusu hamali na karani. Tabo ikidhoofika, kwa mfano mpira mkubwa wa hewa umepasuka, au kilango cha moshi kimeganda wazi, injini hupoteza nguvu. Dereva, ili afike, hukanyaga zaidi. Waya huvutwa mpaka mwisho. Sanduku laambiwa: "Mzigo mkubwa!" Nalo, kwa utiifu, huchelewesha gia, huikaza oili kwa nguvu zote, na hushuka gia kwenye kila mwinuko. Dereva asikia vishindo na kusema sanduku limeharibika, na kumbe sanduku linafanya lile lililoambiwa. Hewa ikipungua na mafuta yasipungue, moshi huwa mweusi. Na tunao moshi mweusi. Au pengine ni kile kimpira chembamba cha juu ya pampu kimekatika: hapo tabo ni nzima, lakini pampu haipati habari, haitoi mafuta, gari huwa zito bila ya moshi. Kwa kuwa letu lina moshi, mimi nashuku zaidi mpira mkubwa. Upasuko wake mara nyingi huwa upande wa chini, hauonekani mpaka uupapase kwa mkono, na hufunguka tu hewa inapojaa. Gari likiwa limesimama wajiona mzima. Alama yake ni mafuta mafuta yenye vumbi kuuzunguka.

Sijasema sanduku halina ila yoyote. Oili iliungua mara moja, na yaliyoungua hayarudi ujana. Ninalosema ni kwamba lipo jaribio la kututenganishia injini na gia, nalo halina gharama. Breki za mguu na mkono zikazwe, magurudumu yawekewe magogo, injini na oili ziwe za moto, gia iwekwe kwenye D, na fundi akanyage pedali mpaka chini kwa muda usiozidi sekunde 5, kisha asome mizunguko. Gari haliendi, kwa hivyo injini inapambana na kile chombo cha oili. Mizunguko ikipita ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, sahani zinateleza na waliosema gia zimekufa wana haki. Ikiwa chini ya ile iliyoandikwa, injini ndiyo dhaifu, na sanduku jipya halitatusaidia hata chembe. Tutalifunga, na siku ya pili litachelewa na kugonga kama hili. Kuna ugonjwa mmoja wa chombo cha oili chenyewe ambao nao hushusha mizunguko, lakini kwanza tuitafute hewa iliyopotea. Jaribio hili si la kufanywa na kijana yeyote uwanjani, na watu wasisimame mbele ya gari. Sekunde hizo 5 zatosha kuichemsha oili, na lisirudiwe bila ya kuiacha ipoe.

Kwa wanachama wenye magari mapya kidogo, yale ya mtumba kutoka Japani yenye kompyuta, neno moja. Humo waya haupo, au upo na kazi yake imepungua; kompyuta hupima pedali, hewa iingiayo na mwendo, ikakisia nguvu ya injini, na katika kubadilisha gia huipunguza injini kwa kitambo kidogo ili sahani zikamate kwa upole. Ni karani hodari kuliko waya, lakini naye hudanganyika. Wapo wanaoongeza tabo kwa kuiibia sensa hewa ili isisome kiasi cha kweli. Kompyuta hukadiria mzigo mdogo, na mtelezo huanza kama wa kwetu Mikumi. Ikigundua ghiliba, hukata mafuta, au huliweka sanduku katika hali ya tahadhari, likabaki kwenye gia moja na taa ya O/D ikapepesa. Taa hiyo ikipepesa usiitolee balbu, kama alivyofanya mmoja wetu. Kapime kwa mashine ujue inalilia nini.

Na madereva wa chama nawaomba haya wakati gari lingali likitumika. Oili ya gia ipimwe ikiwa ya moto, injini inakwenda, gia ikiwa P, na aina yake iwe ile iliyoandikwa kwenye stiki. Isizidishwe, maana ikizidi hutoa povu, na povu halikamati sahani. Rejeta ioshwe kwa maji ya taratibu kutoka nyuma. Penye kilima kirefu chenye mzigo, lever iwekwe kwenye gia ya chini kabla sanduku halijaanza kupanda na kushuka lenyewe. Baada ya mlima injini isizimwe hapo hapo. Iachwe ikipumua dakika moja au mbili, kwani tabo ingali inazunguka na ikikosa oili beringi zake huungua. Na boneti lisifunguliwe kwa mtu mwenye spana mpaka kwanza aeleze atagusa nini, na jambo hilo liandikwe katika daftari la gari pamoja na tarehe. Daftari limo ndani ya kisanduku cha mbele. Kurasa zake nyingi ni nyeupe.

Jumamosi kabla ya mkutano, baada ya sala ya alasiri, gari litakuwa uwanjani nyuma ya ofisi. Fundi ataupapasa mpira wa hewa, atapima waya, na atafanya jaribio la sekunde 5 mbele ya wajumbe, na mizunguko itakayosomwa itaandikwa ubaoni ili kila mmoja aione kabla ya kura. Mwanachama mwenye geji ya hewa ya tabo ya kuazimisha naomba aje nayo, ya kwetu imevunjika kioo.

Katibu